Ras Nungwi, Chumbe au Ras Kigomasha: mnara upi wa taa utakufaa?

Kila Idi inapokaribia, na kila Desemba, jamaa zangu wa Bara na wa ughaibuni huniuliza swali moja. Mtu ana siku chache za mapumziko, amechoka na foleni na simu, anataka bahari, mnara wa taa na pahali atakaposikia upepo badala ya spika. Ameshasikia kwamba Zanzibar ipo minara ya namna hiyo, na hapo ndipo anapokwama. Aende Ras Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja? Avuke kwenda Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa Mji wa Zanzibar? Au afunge safari mpaka Ras Kigomasha, kule Pemba inakoishia?

Chumbe si rasi, ni kisiwa. Lakini mnara wake hutajwa sana pamoja na hiyo miwili mingine, na wanaotafuta utulivu wa bahari hukiwazia, kwa hiyo nakiingiza.

Nitapima mambo matano: njia ya kufika, mnara wenyewe (unapandika au hutazamwa tu), utulivu, bahari na majira yake, kisha pesa. Tangu mwanzo nikwambie ninavyoona mimi: utulivu upo pahali pote patatu, ila kila pahali una bei yake. Nungwi unaulipia kwa kuamka alfajiri, Chumbe kwa fedha, Kigomasha kwa mwendo. Jiulize kwanza ni kipi ulicho nacho zaidi kati ya hivyo.

Njia ya kufika

Nungwi ni rahisi kuliko zote. Kutoka Mjini ni kama kilomita 60 za lami, na daladala namba 116 inakupeleka hadi kijijini. Kwa teksi unafika kwa saa moja na ushei. Kwa daladala tenga saa mbili, maana itasimama kupakia magunia, ndoo za samaki na wanafunzi. Ukishuka, mnara uko kwa mguu, mbele kabisa kwenye ncha. Waweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo ukalala Mjini.

Chumbe haifikiki kwa kukurupuka. Kisiwa kizima ni hifadhi, na huendi pasipo kuweka nafasi kwa wanaokisimamia. Boti huondoka upande wa Mbweni, nje kidogo ya Mji, na safari haifiki saa moja. Wageni wa mchana hupokewa pale tu mabanda ya kulala yanapokuwa na nafasi, kwa hiyo usipange siku yako yote kwa kutegemea jibu ambalo hujalipata. Wakati wa masika hufungwa. Uliza tarehe mapema, kwa maandishi.

Kigomasha ndiko kwenye kazi. Kwanza ufike Pemba: kwa ndege ndogo mpaka Chake Chake, kama nusu saa kutoka Unguja, au kwa boti mpaka Mkoani. Ratiba ya boti haiko kila siku na hubadilika, kwa hiyo panga safari kuanzia kwenye boti ndipo uhesabu siku za mapumziko. Kutoka Chake Chake unapanda daladala mpaka Konde, mji mdogo wa kaskazini. Hapo unachukua bodaboda au gari la kukodi, unapita katikati ya msitu wa Ngezi, unatokea Makangale, na barabara inakwenda ikipungua mpaka unaiona bahari pande mbili.

Ile njia ya Ngezi peke yake inatosha kuwa sababu ya safari. Dakika chache tu umetoka kwenye mikarafuu na migomba, na ghafla jua linazimika juu yako. Miti inakutana juu ya barabara, hewa inakuwa na unyevu wa chumba cha chini, na ukizima pikipiki unasikia majani yanadondosha maji hata kama mvua ilinyesha jana. Humo umo mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao ni wa Pemba hasa, na humo wamo popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine duniani.

Safari yangu ya kwanza tulikubaliana na kijana wa bodaboda nauli ya kwenda, la kurudi hatukulitaja. Akatushusha, akaenda zake. Mimi na mama mdogo tulirudi kwa miguu hadi karibu na msitu huku Magharibi inaingia, yeye akiwa na goti bovu, mpaka gari la kubeba nazi likatuhurumia. Tangu siku ile jambo la kwanza ninalolisema Konde ni la kurudi.

Mnara wenyewe

Hapa tofauti ni kubwa, na wengi hawaijui mpaka wafike.

Mnara wa Nungwi hupandi. Uko ndani ya uzio, unafanya kazi yake, na wewe unautazama kutoka nje. Kabla ya kuupiga picha, muulize aliyepo. Jina la Mnarani, linaloitwa sehemu ile ya kijiji na hata bwawa la kasa lililo jirani, limetokana nao. Kwa anayetaka picha ya mnara na minazi inatosha. Anayetaka kusimama juu na kuzungukwa na upeo wa macho atarudi na kiu yake.

Mnara wa Chumbe unapandwa, na una hadithi iliyohifadhiwa vizuri kuliko mingine. Waingereza waliujenga mwaka 1904, na mwaka 1926 ukawekewa taa ya gesi. Ngazi ni 131. Nyumba ya zamani ya mlinzi wa taa imegeuzwa kuwa kituo cha elimu na pa kulia chakula, na msikiti mdogo wa wakati huo bado upo karibu na ufuo. Ukiwa juu unaiona Unguja yote ya upande ule imelala kama mkeka, na chini yako kisiwa ni kijani kitupu, hakuna barabara wala bati.

Mnara wa Kigomasha nao unapandwa, kwa ada ndogo, akiwepo mwenye ufunguo. Nao ni wa enzi za Waingereza. Ngazi ni tisini na ushei, nyembamba, zinazunguka. Mtu mnene au mwenye mkoba mgongoni atasugua bega. Mama mdogo alitazama mlango akasema, "Nenda mwanangu, mimi utanihadithia." Nikapanda. Ndani kuna joto na harufu ya chuma na mafuta, na ngazi za mwisho unazipanda kwa mikono kama miguu. Kisha kichwa kinatoka juu, upepo unakukamata ushungi.

Nikaona kwa nini mnara uliwekwa pale. Upande wa magharibi kina cha mkondo wa Pemba kinaanguka ghafla: maji ni ya kijani mpaka kwenye mstari fulani, baada ya hapo ni buluu nzito karibu na weusi. Upande wa mashariki kuna Vumawimbi, mchanga mweupe mrefu, na jina lake linajieleza. Nyuma yako Ngezi, kama zulia. Mashua moja ilikuwa inazunguka rasi, tanga limejaa, na kutoka pale juu nilimuona nahodha anavyokaa mbali na ukingo wa mwamba. Yeye ndiye aliyewekewa taa ile.

Nalisema hili kwa moyo mzito kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa inakwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Mamia ya watu wetu walikwenda, na zipo nyumba Pemba ambazo bado wanahesabu miaka kwa misiba hiyo. Basi ukifika kwenye minara hii, hasa Nungwi na Chumbe, jua umesimama mbele ya maji yenye wenyewe. Usipige kelele za picha mbele ya mzee aliyekaa kimya kutazama mkondo. Na ukipanda boti yoyote, omba jaketi la kuokolea kabla kamba haijafunguliwa.

Utulivu

Nungwi, kwa haki, si kijiji kimya tena. Upande wa magharibi hoteli zimebanana, na jioni muziki unafuata muziki. Lakini ncha yenyewe na upande wa mashariki bado una nafasi ya kupumua, na alfajiri kijiji ni kingine kabisa. Nenda saa kumi na mbili asubuhi kwenye ufuo wanapojenga majahazi. Utamkuta fundi amechuchumaa chini ya ubavu wa chombo, anakalafati: pamba anaisokota kwa vidole, anaipaka sifa (mafuta ya samaki), anaisukumia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo. Tok, tok, tok, kisha kimya anaposokota nyingine. Mafuta ya sifa yananuka vikali, harufu inakushika nguo. Hakuna pahali pengine kati ya hapa patatu utakapoona kazi inayoendana na mnara kwa ukaribu huo. Ikifika saa tatu wageni wameamka, na saa yako ya utulivu imekwisha.

Chumbe utulivu umepangwa na unalindwa. Mabanda ni saba tu. Hakuna muuza shanga, hakuna pikipiki za majini. Usiku ni sauti ya maji na kaa wakubwa wa minazi wanaokwaruza mwambani. Wapo wanaouona utulivu huo kuwa wa kitajiri mno, na nawaelewa. Mimi hunifariji kujua kwamba baadhi ya walinzi wa hifadhi ni wavuvi wa zamani waliofunzwa kazi hiyo, na kwamba wanafunzi wa skuli za Unguja hupelekwa kule kujifunza matumbawe ya kwao. Kisiwa hakijafungiwa wageni peke yao.

Kigomasha ni kimya bila kupangwa na mtu. Siku ya kawaida utakutana na watoto wawili watatu wa kijiji, mwanamke anayetoka kuokota kuni, basi tu. Vumawimbi nilitembea zaidi ya saa nzima na nyayo za nyuma yangu zilikuwa zangu. Upweke huo una upande wa pili: ukiteguka mguu, hospitali iko mbali. Mwanamke anayekwenda peke yake namshauri atafute mwenzake wa pale, mtu anayejulikana na watu wa Konde au wa hoteli aliyofikia. Atakwenda na moyo uliotulia, na atasimuliwa mengi.

Bahari na majira

Mwenye kupenda kuogelea bila kusubiri maji atafurahi Nungwi, maana upande wake wa magharibi maji hayakimbii mbali yanapokupwa kama yanavyofanya pwani ya mashariki ya Unguja. Bwawa la Mnarani, lililoanzishwa na wanakijiji mwaka 1993, ni dimbwi la maji ya bahari wanamotunzwa kasa walionasa kwenye nyavu kabla ya kurudishwa baharini. Watazame, usiwaguse.

Kwa matumbawe, Chumbe ni daraja jingine. Sehemu yake ya bahari ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi umekatazwa, na miaka hiyo inaonekana ukizamisha uso tu. Hata kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi. Unaogelea juu ukiwa na miwani na mpira wa kupumulia. Maji yakipwa boti haisogei mpaka ufukweni, utashuka na kutembea majini, kwa hiyo viatu vya plastiki usiviache nyumbani.

Kigomasha una bahari mbili. Upande wa magharibi, Verani, umetulia zaidi kusi, upepo wa kusini, inapovuma. Vumawimbi inaikabili kaskazi, upepo wa kaskazini, na miezi ya kaskazi wimbi lake si la mchezo kwa asiyejua kuogelea. Kusi ikishika sana, kati ya Juni na Agosti, safari ya boti ya Pemba huwatapisha hata waliozoea. Mimi napendelea tanga mbili, pale upepo mmoja unapoondoka na mwingine haujatia nguvu. Bahari inakuwa kama mafuta kwenye bakuli. Usafiri wa Oktoba una zawadi nyingine huko Pemba: karafuu mbichi zinapokuwa zimechumwa, zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu inaingia garini kabla hujaziona.

Pesa, na heshima ya mwenyeji

Nungwi mfuko wowote unapata pahali, kuanzia vyumba vya bei nafuu ndani ya kijiji hadi hoteli za kifahari. Chumbe ni mamia ya dola kwa mtu kwa usiku, chakula na boti vikiwa ndani. Mkaazi wa Afrika Mashariki aulize bei ya wakaazi kabla hajakata tamaa. Kigomasha malazi ya karibu na rasi ni machache na mengine ni ghali sana, ila waweza kulala Wete au Chake Chake kwa bei ya kawaida ukaenda kwa siku moja. Fedha yako kubwa itakwenda kwenye usafiri.

Chakula cha Kigomasha ukibebe. Konde nunua maji, ndizi mbivu, maandazi, na halua ya Pemba kama utaikuta ya moto. Huko mbele hakuna duka la kutegemea. Mwezi wa Ramadhani migahawa ya vijijini hufungwa mchana, Nungwi na Pemba pia. Ukila, kula faragha. Nguo za kuogelea ni za majini. Ukiingia kijijini jifunge kanga au vaa shati, salimia kwanza, uulize njia baadaye. Pemba hasa, salamu isiyo na haraka itakufungulia mlango ambao pesa haiufungui, pamoja na mlango wa mnara.

Uende wapi, kwa hali yako

Kama una siku moja tu, au unasafiri na wazee na watoto wadogo, nenda Nungwi. Lala huko usiku mmoja ili alfajiri ikukute kwenye majahazi, uende ncha kabla ya jua kali, kisha watoto wawaone kasa. Kama moyo wako uko kwenye kuupanda mnara, pahali pako si hapa.

Kama ni fungate, au mmeweka akiba kwa ajili ya jambo la mara moja, au unapenda viumbe wa baharini kuliko kitu kingine, Chumbe inastahili gharama yake. Inamfaa pia anayetaka utulivu bila kuhangaika na njia, maana kila kitu hupangiwa. Haimfai anayependa kuamua safari leo jioni aondoke kesho, wala anayetaka kukaa na watu wa kijiji, kwa sababu kijiji hakuna.

Kama una siku nne au zaidi na miguu yenye afya, na ukimya kwako maana yake ni kutokuwa na ratiba ya mtu, nenda Kigomasha. Nawatakia hasa vijana wetu waliozaliwa ughaibuni ambao wazee wao wametoka Pemba na wao wanaijua Unguja peke yake. Usiende na mtu anayelalamika kuhusu barabara.

Kama unaogopa boti, Kigomasha bado inawezekana kwa ndege, Nungwi kwa lami baada ya kutua Unguja, lakini Chumbe haina njia nyingine. Na kama uko Mombasa na huna nauli ya kuvuka mpaka mwaka huu, Ras Serani ipo: mnara, mibuyu, meli zinazoingia Kilindini, mihogo ya kukaanga na madafu jioni. Si kimya ikifika saa kumi na moja, ila asubuhi na mapema utapata benchi lako na bahari yote mbele.

Kwa watakaochagua Kigomasha, la mwisho: mwambieni mwenye bodaboda asubiri au aje saa kumi kamili, mchukue namba yake ya simu mkiwa Konde ambako mtandao unashika, na mbebe tochi. Ndani ya Ngezi giza huingia kabla ya adhana ya Magharibi.